Hati ya jeshi inasema 1924, kanisa linasema 1926: umri wa kweli wa babu unapatikana wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mmarekani. Nyumbani tumekua tukisikia kwamba alidanganya umri, akaingia jeshi la anga Machi 1943 akiwa na miaka 16, akawa rubani wa vita. Hati yake ya kuachishwa jeshi inasema alizaliwa 14 Oktoba 1924, lakini kitabu cha ubatizo kinasema 2 Mei 1926. Hati inamtaja kama sajini, namba yake ya jeshi inaanza na 3, na kwenye kazi yake pameandikwa 748. Niliomba faili lake kwenye kituo cha kumbukumbu za askari cha St. Louis nikajibiwa kwamba huenda liliungua katika moto wa 1973. Sasa nimempata mtu mtandaoni anayesema anayo nakala ya faili zima, pamoja na DD 214 ya babu, yaani fomu ya kuachishwa jeshi, nimlipe anitumie. Anasisitiza kwamba hati ya jeshi ikishasema 1924 basi ni 1924, kanisa ndilo lililokosea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usimlipe. Fomu ya DD 214 ilianza kutumika mwaka 1950. Askari wa kawaida wa Jeshi la Marekani aliyeachishwa mwishoni mwa vita ya pili alipewa fomu inayoitwa WD AGO 53-55, yenye alama ya dole gumba la kulia, na ofisa alipewa 53-98. Anayekuuzia DD 214 ya mtu aliyeachishwa 1945 anakuuzia karatasi aliyoichapa mwenyewe.

Sasa twende kwenye umri, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea, na huyo bwana amekupoteza zaidi.

Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye hati ya jeshi ni maneno ya kijana mwenyewe. Mwaka 1943 karani aliyekuwa na foleni mbele yake aliuliza, kijana akajibu, karani akaandika. Kudai cheti cha kuzaliwa kwa kila mtu kusingewezekana hata kama wangetaka: mfumo wa kitaifa wa kusajili vizazi nchini Marekani ulikamilika kwa majimbo yote mwaka 1933 tu, kwa hiyo vijana wengi waliozaliwa miaka ya 1920 hawakuwa na cheti chochote. Kijana mrefu, mwenye sauti nzito na kidevu kilichoanza kuota ndevu, akisema ana 18, alikuwa na 18.

Ikishaandikwa mara moja, tarehe hiyo hunakiliwa. Hutoka kwenye kadi ya bodi ya uandikishaji, ile iliyosajili vijana na kuwaita jeshini, ikaenda kwenye kadi ya kuapishwa, ikaenda kwenye karatasi za mshahara, ikaenda kwenye hati ya kuachishwa, ikaenda kwenye madai ya mafao, na mara nyingi ikaishia kwenye jiwe la kaburi. Familia inaweka karatasi tano mezani na kusema ushahidi ni mzito, tano kwa moja, kanisa limeshindwa. Hapana. Karatasi tano zilizonakiliwa kutoka kinywa kimoja ni shahidi mmoja. Kitabu cha ubatizo ni shahidi wa pili, na tena ni shahidi asiye na sababu ya kumwongezea mtoto mchanga mwaka na nusu au kumpunguzia. Kosa hili linarudiwa kila wiki na watu wasomi kabisa, na linauma kwa sababu linafuta kwenye historia ya ukoo jambo lenyewe ambalo mtoto yule alilifanya.

Kinachohitajika ni karatasi iliyoandikwa kabla kijana hajawa na sababu ya kudanganya. Anza na sensa ya 1930. Makarani wake waliagizwa kuandika umri ulivyokuwa tarehe 1 Aprili, na kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano waandike pia miezi, kwa sehemu ya kumi na mbili. Mtoto aliyezaliwa 2 Mei 1926 angekuwa na miaka mitatu na miezi kumi, na karani angeandika 3 10/12. Aliyezaliwa Oktoba 1924 angekuwa ametimiza mitano, na kwenye safu ya umri pangekuwa na 5 peke yake. Ukiiona ile sehemu ndogo mbele ya jina la babu, suala limekwisha kwa kiasi kikubwa. Hakuna mama anayesahau kama mwanawe ana miaka mitatu au mitano. Kisha tazama ya 1940, nayo ni ya tarehe 1 Aprili: 13 inalingana na kanisa, 15 inalingana na jeshi. Sensa zote mbili ziko wazi kwa umma. Mtafute kupitia jina la baba yake au ndugu zake, kwa sababu majina ya watoto yaliandikwa vibaya mara nyingi.

Ushahidi wa tatu mara nyingi husahaulika. Kama aliwahi kufanya kazi ya ujira akiwa na miaka 14 au 15, huenda aliomba namba ya hifadhi ya jamii kabla ya kuingia jeshini. Fomu ya maombi inaitwa SS-5, na ndani yake kuna tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na sahihi yake mwenyewe. Ila cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa kwa kuchelewa, hasa kilichotolewa miaka ya 1940, kichukulie kwa tahadhari. Kilitegemea viapo na karatasi nyingine, na pengine mojawapo ya karatasi hizo ni ileile ya jeshi.

Sasa namba inayoanza na 3. Watu husema hiyo ni ya aliyelazimishwa kuingia jeshini, hivyo hadithi ya kijana kujipeleka mwenyewe ni uongo. Si hivyo. Kwa amri ya rais ya tarehe 5 Desemba 1942, watu wenye umri wa miaka 18 hadi 37 hawakuruhusiwa tena kujiandikisha moja kwa moja jeshini. Ilibidi wapitie bodi za uandikishaji. Aliyekuwa na hamu alijisajili kwenye bodi ya eneo lake, kisha akaomba achukuliwe mapema bila kungoja kuitwa, na bado akapewa namba ya 3. Namba ya 1 ni ya waliojiandikisha wenyewe, na wengi wao waliingia kabla ya mlango huo kufungwa.

Kwa hiyo kadi ya bodi ndiyo inayofuata, na usiishie kusoma tarehe ya kuzaliwa tu. Soma tarehe ambayo kadi ilijazwa. Waliozaliwa kati ya 1 Julai na 31 Desemba 1924 walitakiwa kujisajili Desemba 1942. Tangu 1 Januari 1943 kila kijana alijisajili siku anayotimiza miaka 18. Babu aliyejitangaza kuwa wa Oktoba 1924 alipaswa kuwa na kadi ya Desemba 1942. Ukikuta kadi imejazwa Februari au Machi 1943, wiki chache kabla hajaapishwa, basi ama alichelewa kujisajili, ama alichagua tarehe ya kuzaliwa siku alipoingia mlangoni. Peke yake haithibitishi kitu. Ikikaa pamoja na ile 3 10/12, inazungumza.

Urubani ni habari nyingine, na hapa nitakukatisha tamaa kidogo. 748 ni namba ya fundi wa ndege aliyekuwa pia mpiga bunduki wa angani. Ni kazi ya ndani ya ndege za mabomu, ya hatari kubwa, lakini si urubani. Aliyehitimu urubani wa ndege za kivita mwaka 1943 na kuendelea alitoka akiwa luteni wa pili, mwenye namba inayotanguliwa na O, au akiwa na cheo cha ofisa wa anga kilichoanzishwa kwa sheria ya 8 Julai 1942, mwenye namba inayotanguliwa na T. Masajini marubani walikuwepo kabla ya hapo. Kwa aliyeingia Machi 1943 mlango huo ulikuwa umeshafungwa.

Muda wenyewe nao unaelemea upande wa bunduki. Kadeti, yaani mwanafunzi wa urubani, wa wakati huo mara nyingi alipelekwa kwanza chuoni kwa miezi kadhaa, kisha mafunzo ya awali, kisha hatua tatu za kurusha ndege zenye wiki 9 au 10 kila moja, kisha mafunzo ya ndege atakayoipeleka vitani. Mpiga bunduki alipita ukuruta, shule ya ufundi, na kozi ya bunduki ya wiki sita. Tena maombi ya ukadeti yaliambatanishwa na cheti cha kuzaliwa na barua tatu za wadhamini, kitu ambacho kijana wa miaka 16 anayejificha hukikwepa. Wavulana waliodanganya umri wanapatikana zaidi kwenye bunduki na mitambo kuliko kwenye usukani.

Kuhusu moto. Ulianza usiku wa 12 Julai 1973, ghorofa ya sita ya kituo cha kumbukumbu karibu na St. Louis. Uliteketeza takribani asilimia 80 ya mafaili ya askari wa Jeshi la Nchi Kavu walioachishwa kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960, na hayakuwa na nakala popote. Ndiyo maana, kama faili la babu liliungua, "nakala ya faili zima" ya dalali wako haiwezi kuwepo. Lakini asilimia 80 si 100, na mamilioni ya mafaili yaliokolewa yakiwa yameloa au kuungua kingo. Hakikisha kwanza kwamba fomu ya maombi uliijaza vizuri. Mwaka 1943 Marekani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Lilizaliwa 18 Septemba 1947. Babu alikuwa askari wa Jeshi la Nchi Kavu, tawi la anga. Aliyeweka alama kwenye kisanduku cha jeshi la anga huenda ametafutiwa kwenye rafu isiyo yake, na jibu la "huenda liliungua" linaweza kuwa limetoka hapo.

Ukiomba upya, andika namba yake ya jeshi, na uombe pia karatasi ya malipo ya mwisho, ambayo haikuwa kwenye ghorofa iliyoungua. Wakikutumia fomu ya NA 13075 ya kulijenga upya faili, ijaze yote, hasa kikosi na anwani ya nyumbani. Kikosi kikijulikana, omba ripoti za asubuhi. Hizi zilitaja mabadiliko tu: nani kafika, nani kahama, nani mgonjwa, nani kapandishwa cheo. Kwa hiyo siku ambazo babu hatajwi hazimaanishi hakuwepo. Ulizia pia ofisi ya kumbukumbu ya kaunti alikorudi baada ya vita, kwa kuwa wengi walisajili hati zao huko, na ulizie faili la mafao kama aliwahi kudai chochote.

Gharama inajulikana. Faili la mtu aliyeachishwa zaidi ya miaka 62 iliyopita liko wazi kwa yeyote, awe mjukuu au jirani: dola 25 kwa kurasa zisizozidi tano, dola 70 kwa sita na zaidi. Hakuna mlango wa nyuma. Madalali hawa wanajua familia zenye hadithi ya mtoto aliyedanganya umri zina kiu ya karatasi, na wanajua neno "moto" linakatisha watu tamaa, kwa hiyo wanakuja na vyote viwili kwa pamoja. Wengine huchukua rekodi za kuapishwa ambazo Hifadhi ya Taifa ya Marekani imeziweka mtandaoni bure, karibu milioni 9, wakazipamba kwa nembo na kuziuza kama "faili la siri". Rekodi hizo zilisomwa na mashine kutoka picha za kadi za kutobolewa, zina makosa ya kusoma, na kwa kuzaliwa zinatoa mwaka tu. Ukimkuta babu humo akiwa na mwaka 24, yaani 1924, umekutana tena na shahidi yuleyule wa kwanza. Mwombe huyo bwana namba ya jeshi ya babu bila wewe kuitaja, pamoja na picha ya alama ya dole gumba. Kisha linganisha na hati uliyonayo nyumbani.