Waya wa Type-C haushiki mpaka uukunje: poti imekufa au la?

SWALI: Fundi habari za kazi. Laptop yangu inachaji kwa Type-C, ina mwaka na nusu hivi. Siku hizi nikichomeka waya unachezacheza tu, haushiki, mpaka niuinue kidogo kwa juu ndo taa inawaka. Nimepeleka kwa fundi mmoja mtaani kaniambia poti imekufa, nibadilishe mazabodi nzima, yani ile bodi kuu ya ndani. Ni kweli? Au nimeiua mwenyewe kwa kuchomeka na kuchomoa kila saa? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Salama mdogo wangu. Hela ya mazabodi iache mfukoni kwanza.

Hilo la kuchomeka na kuchomoa lisikuumize kichwa. Poti ya Type-C kiwango chake ni kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, yani hata ukichomeka mara tatu kila siku ya Mungu hiyo ni zaidi ya miaka tisa, wakati zile USB pana za zamani kiwango chao cha kawaida ni mara 1,500 tu. Alafu waliotengeneza Type-C walifanya kitu cha akili sana, zile springi zinazobana wameziweka kwenye kichwa cha waya, sio kwenye laptop, ili kinacholegea kwanza kiwe waya ambao unanunua mwingine maisha yanaendelea. Kwa hiyo waya ukianza kucheza mtuhumiwa wa kwanza ni waya wenyewe. Azima wa mtu ambao bado mpya, uwe wa kuchajia laptop sio ule mwembamba wa simu, jaribu. Ukiingia ukasikia "tk" na ukashika, umemaliza.

Na huo mpya nao usiposhika, chukua tochi ya simu umulike ndani ya poti. Utaona kiulimi chembamba katikati, unene wake haufiki hata milimita moja, pini ziko juu yake na chini yake. Sasa angalia kule mwisho kabisa, nyuma ya hicho kiulimi na pembeni yake. Laptop zinazoshinda kwenye begi na nguo huwa nakuta pamba za nyuzi na vumbi vimeshindiliwa, maana kila ukichomeka unausukuma uchafu ndani, unakuwa mgumu kama kipande cha godoro. Kichwa cha waya hakifiki mwisho, springi hazipati pa kunasa, unabaki unaona kijinafasi kati ya plastiki ya waya na ganda la laptop. Kuna mteja aliniletea ya kwake kashaambiwa hivyo hivyo mazabodi, nikatoa kidonge cha uchafu ukubwa wa punje ya mchele, ikachaji pale pale, akabaki ananiangalia kama nimemfanyia mazingaombwe.

Kutoa: zima laptop kabisa, chomoa chaja, chukua kijiti cha meno cha mti, kichonge kiwe bapa, kwangua taratibu ukivutia nje. Sindano usiguse, unaunganisha pini zisizotakiwa kukutana au unavunja kiulimi, na hapo sasa ndo utakuwa umeiua kweli. Na usipulize kwa mdomo, unapeleka mate.

Kitu kingine jaribu kugeuza waya, juu uwe chini. Chaja ya Type-C haimwagi umeme wote mara moja, inaanza na volti 5, inaongea kwanza na laptop kwenye pini moja ndogo, wakielewana ndo inapanda mpaka 20 huko. Ukigeuza waya, mazungumzo yanahamia pini nyingine. Kwa hiyo ikichaji upande mmoja na upande wa pili ikagoma, na umejaribu waya mbili tofauti, hapo poti yenyewe ina pini iliyochafuka, iliyokatika au lehemu imeachia.

Na hii ya lehemu kuachia haiji kwa kuchomeka, inakuja kwa kuvutwa pembeni. Mtu kalala kitandani, laptop kifuani, waya umekunjwa kwenye godoro, au kile kitofali cha chaja kinaning'inia ukingoni mwa meza kutwa nzima. Kichwa cha waya kinakuwa kama mtaimbo, miguu ya poti kwenye bodi inapasuka kidogo kidogo. Wewe kusema mpaka uuinue kwa juu kunanitia wasiwasi kidogo hapa, ila bado anza na waya na uchafu.

Ikifika huko nenda kwa fundi, umuulize swali moja tu: poti imelehemiwa kwenye mazabodi au ipo kwenye kipande kidogo cha bodi cha pembeni? Laptop kadhaa zina hicho kipande, unabadilisha hicho peke yake. Kama imelehemiwa, fundi mwenye bloa (ile mashine ya hewa ya moto ya kuyeyusha lehemu) na mkono mtulivu anatoa poti tu anaweka nyingine. Anayekimbilia mazabodi bila hata kufungua, mi ningebeba laptop yangu nikaondoka.

Ila ukiona pini zimekuwa nyeusi, au kichwa cha waya kinatoka cha moto mpaka unakiachia, acha kuchajia hapo leo leo. Kama laptop ina poti ya pili ya kuchajia, tumia hiyo mpaka ufike kwa fundi.