Fikasi ya dukani: kabla ya yote, tazama chini ya chungu

Ukishaifikisha bonsai yako ya fikasi (mti uliodumazwa kwenye chungu) hapa Tabora, inua chungu utazame chini. Vyungu vingi vya dukani vina tundu dogo lililoziba, vingine havina kabisa, na juu changarawe imegandishwa kwa gundi isimwagike safarini. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Mizizi ikikosa hewa huoza, na fikasi nyingi za wanaoanza hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Ing'oe changarawe hiyo taratibu kwa ncha ya bisibisi. Kama hakuna tundu, hamishia mti kwenye chungu chenye matundu pamoja na bonge lake la udongo, bila kuichokonoa mizizi.

Kumwagilia kwa ratiba ya kila Jumatatu na Alhamisi sikubaliani nako. Ingiza kidole kama sentimita 2; pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, pakiwa na unyevu, acha. Septemba na Oktoba, jua letu na upepo mkavu vinaweza kukausha chungu kidogo kwa siku moja, kwa hiyo kagua asubuhi na jioni. Juni na Julai usiku huwa na ubaridi, na mti hunywa kidogo.

Majani yakipukutika wiki za mwanzo, usiutupe. Fikasi humwaga majani ikibadilishiwa mwanga na hewa. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha: ukiona kijani, mti uko hai. Wengi hapo huongeza maji na mbolea, na ndipo wanapouua, maana mti usio na majani hauna nguvu ya kunywa. Subiri machipukizi.

Pia utoe juu ya kabati la sebuleni, tafadhali. Huu kwao Asia ni mti mkubwa kabisa, wa ukoo mmoja na mikuyu yetu. Udogo wake unatokana na kupogolewa na kubanwa mizizi. Unataka mwanga. Baraza linalopata jua la asubuhi linafaa sana, ila uzoeshe kidogo kidogo, majani yaliyotoka ndani huungua. Chini ya mwembe kivuli ni kizito mno.

Kubadilisha udongo kungoje mvua za Novemba, mti ukiwa umeshika nguvu. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa, yakachekechwa vumbi lote likatoka, ukachanganya na mboji kidogo, yanapitisha maji vizuri, na hapa yanapatikana kila mtaa. Vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wakionekana, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Kupogoa, acha tawi lifikishe majani 6 hadi 8, kisha kata yabaki 2 au 3. Utomvu mweupe utakaotoka unawasha. Usiuguse ukajipangusa macho, na watoto wasiuchezee. Kipande cha tawi ulichokata kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Fikasi huchipua mizizi kwa urahisi, na mche huo ndio wa kujifunzia mkasi kabla hujaurudia ule ulionunua.