Stori fupi ya kisayansi kuwa episodi ya tivii: usiiheshimu kupita kiasi

Mara ya kwanza kugeuza stori fupi ya kisayansi iwe skripti ya episodi ya nusu saa niliharibu vibaya, na kilichoniponza ni heshima. Stori yenyewe kurasa tisa tu, naipenda mno, nikajiapiza sigusi hata sentensi, kila wazo la mhusika nikalitia kwenye sauti ya msimulizi, matokeo yake kurasa hamsini na kitu (ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye skrini, piga hesabu mwenyewe) na mhusika wangu muda wote kakaa dirishani anawaza. Rafiki yangu aliisoma akaniuliza, sasa huyu mtu anafanya nini? Nikabaki kimya.

Kilichonisaidia ni kusoma stori halafu kuangalia episodi yake, tena siku hiyo hiyo. Anza na To Serve Man ya Damon Knight, ya 1950, ambayo The Twilight Zone, kipindi cha tivii cha Marekani, waliitoa 1962. Wageni wanashuka kutoka angani, wanaleta umeme wa bei poa, wanaleta amani, na wana kitabu ambacho jina lake kwa Kiingereza unaweza kulielewa mara mbili: kumhudumia binadamu, au kumpakua kwenye sahani. Kwenye stori siri inatoboka watu wawili wakiongea tu, na kwa msomaji inatosha kabisa. Rod Serling, mwanzilishi wa kipindi hicho, alivyoandika skripti akamtoa mhusika mkuu kwenye maongezi akampeleka kwenye ngazi za chombo, anapanda, ndo msaidizi wake anakuja mbio anapiga kelele kwamba kile ni kitabu cha mapishi. Siri ni ile ile, ila sasa inamkuta yeye mwenyewe na kurudi nyuma haiwezekani tena.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta tafuta hiyo sehemu inayouma, halafu jiulize inamuuma nani, na yuko wapi wakati huo. Kama yuko chumbani anasoma barua, mtoe. Kama hana wa kuongea naye, mpe mtu, dada, jirani, yeyote, ili mawazo yake yageuke mabishano. Mimi nilimpa dada na sauti ya msimulizi karibu yote ikaanguka yenyewe.

Halafu usinyooshe. Twilight Zone wenyewe 1963 walijaribu saa nzima, episodi 18, msimu uliofuata wakarudi nusu saa, na ukiziangalia zile ndefu nyingi unaona kabisa stori imeisha ila dakika bado zipo.

Mwisho wa stori ndo sehemu ya kuogopa. All Summer in a Day ya Ray Bradbury inaishia watoto wanamfungulia mlango mwenzao waliyemfungia, basi, jua linalotoka mara moja tu kwa miaka mingi limeshapita. Toleo la tivii la 1982 likaongeza watoto wanampa maua. Naelewa kwa nini, waangaliaji walikuwa watoto, ila mimi yale maua yananikera mpaka leo, yanamsamehe kila mtu haraka mno.

Na haki miliki aisee, ulizia mapema, stori kuwa ya zamani haimaanishi ni ya bure, mwandishi akifa warithi wapo. Mimi nilimaliza skripti kwanza, kurasa 26, safi kabisa, ndo nikaandika kuomba ruhusa. Wakakataa. Ipo kwenye droo.