Umekabidhiwa programu ya zamani: uibadilishe vipi bila kuivunja

Ukitoka chuoni utadhani kazi ni kuandika programu mpya. Kazi itakayokulipa mshahara, hasa hapa Unguja na Pemba, ni kubadilisha ya zamani, iliyoandikwa na mtu aliyekwishahama, na inayotumiwa kila siku na karani asiye na muda wa kukusikiliza.

Msimbo (code), yaani maandishi ya programu, wenyewe hauozi. Yanayobadilika ni yaliyouzunguka, na Meir Lehman, mtafiti wa uhandisi wa programu, alilisema hilo tangu 1974: programu inayotumika lazima iendelee kurekebishwa, la sivyo itazidi kutofaa. Mwaka 2022 Bodi ya Mapato Zanzibar (ZRB) ikawa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Kwa mlipakodi ni herufi moja tu. Kwa aliyeandika jina hilo ndani ya risiti, ripoti na barua pepe, ni kupekua faili moja moja.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni mtihani mkubwa zaidi. Kiwango cha kawaida Bara ni asilimia 18, Zanzibar ni 15. Ukikuta 0.18 imetapakaa kwenye faili saba, usiigeuze 0.15 ukaenda zako, kwani ankara ya mwaka juzi ikichapishwa upya itatoka na kodi ambayo mteja hakutozwa. Tengeneza jedwali lenye eneo, kiwango, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Hesabu isome tarehe ya ankara, si ya leo, na kiwango kilichotumika kihifadhiwe kwenye ankara yenyewe. Hapo hapo kagua kosa jengine la kawaida: bei ya 115,000 iliyojumuisha kodi ina kodi ya 15,000, yaani 115,000 × 15 ÷ 115. Anayechukua asilimia 15 ya 115,000 anapata 17,250, na hesabu za mwezi hazitokubali.

Kubadilisha data ni kugumu kuliko kubadilisha msimbo, maana msimbo unaurudisha kwa Git, zana inayotunza kila toleo la msimbo, lakini safu (column) ya jedwali uliyoifuta hairudi ila kwa nakala ya akiba. Chukua namba za simu zilizohifadhiwa kama namba za hesabu: sifuri ya mwanzo imeshapotea, nawe unataka zianze na +255. Usiibadilishe safu ile ile. Ongeza safu mpya ya maandishi, inayokubali kuwa tupu. Toa toleo linaloandika kwenye safu zote mbili lakini bado linasoma ya zamani. Kisha jaza rekodi za nyuma kwa mafungu, tuseme 1,000 kwa 1,000, ili usilifunge jedwali wakati watu wanauza. Linganisha idadi, zilizobaki tupu zitazame kwa macho, utakuta mtu kaandika simu mbili pamoja. Toleo la pili lisome safu mpya. Ya zamani ifutwe katika toleo la tatu, wiki kadhaa baadaye.

Mzunguko wote huo wa nini? Kwa sababu matoleo mawili yataishi pamoja. Kompyuta ya tawi la Chake Chake iliyokosa intaneti tangu asubuhi bado ina toleo la jana, na ikirudi hewani itaitafuta safu ya zamani. Isipoikuta, mauzo ya siku nzima yanakwama.

Umeme nao una lake. PostgreSQL na MySQL ni programu za kuhifadhi data. PostgreSQL inakuruhusu kuweka mabadiliko ya majedwali ndani ya muamala (transaction) mmoja, yaani fungu la amri zinazopita zote au isipite hata moja: umeme ukikatika katikati yote yanafutika. MySQL hukamilisha kila amri ya aina hiyo papo hapo, kwa hiyo unaweza kuamka na jedwali moja jipya na jengine la zamani. Andika kila hatua iweze kurudiwa bila madhara.

Maktaba (libraries), yaani msimbo wa wengine ambao programu yako inautegemea, usizisasishe zote kwa mpigo. Sasisha moja moja, ukipima kila mara. Lakini usilimbikize masasisho pia, na lugha yenyewe ya programu ni hivyo hivyo: PHP 7.4 iliachwa bila marekebisho ya usalama mwishoni mwa Novemba 2022, na kuruka kutoka hapo hadi matoleo ya sasa ni kazi ya wiki, si ya jioni moja.

Siku ya kutoa toleo ichague pamoja na mwenye duka. Kumi la mwisho la Ramadhani, soko la Darajani limejaa mpaka usiku, usiguse kitu.