Maswali yenu: Ukumbini watu mia mbili, simjui hata mmoja

Bunge la Bajeti likishaanza Aprili, kupata chumba cha kulala Dodoma ni kazi, na kupata ukumbi ni kazi zaidi. Kila taasisi ina warsha yake. Ndiyo maana maswali ya safari hii karibu yote yanatoka ukumbini.

Nikiingia kwenye kongamano moyo unanienda mbio. Watu wamesimama makundi makundi wanacheka, mimi naishia kona na simu yangu. Nifanyeje? (Mkimya, Area C)

Wahi. Kadi ikiandika saa mbili kamili, wewe unajua na mimi najua kuwa mgeni rasmi ataingia saa nne kasoro. Muda huo wa katikati ni mali yako. Makundi hayajajiunda, mwandaaji anahangaika na maiki, wahudumu wanapanga vikombe, na yule mmoja aliyewahi kama wewe anazunguka akitafuta pa kuchomeka chaja. Anza na huyo. Ukija saa nne utakuta watu wameshashikana, na kujipenyeza kwenye kundi linalocheka ni shughuli hata kwa sisi wenye maneno mengi.

Halafu jiwekee hesabu ndogo: watu wawili. Ukishaongea vizuri na wawili, toka nje ukakae chini ya mwarobaini upumue, hakuna anayekuhesabia. Mimi niliwahi kugawa kadi arobaini siku moja, nikarudi nyumbani kifua mbele. Hakupiga hata mmoja. Baada ya wiki nikaja kuona namba kwenye kadi ina tarakimu tisa, na sampuli niliikagua mwenyewe kabla ya kuchapishwa! Lakini hata zingetimia kumi sidhani kama wangepiga, maana sikukaa na mtu zaidi ya dakika moja.

Mkurugenzi ninayetaka kuongea naye ni umri wa baba yangu. Nimwamkie shikamoo, au kwenye mambo rasmi ni ushamba? (Mhitimu wa UDOM)

Mwamkie. Shida ya shikamoo ni kwamba inajifunga yenyewe: unasema shikamoo, anajibu marahaba, basi, yeye anaendelea kutafuta sukari na wewe umebaki na kikombe chako. Kwa hiyo usiiache peke yake. "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, nimemaliza shahada ya takwimu mwaka huu. Pale uliposema halmashauri zinakusanya takwimu zisizotumika, utafiti wangu wa mwisho ulikuwa juu ya hilo hilo." Kisha nyamaza, mwache yeye aongee. Usiombe kazi. Mtu wa meza kuu anaombwa tangu asubuhi, na aliyemsikiliza alipokuwa jukwaani hakutani naye kila siku.

Ila aliyekuzidi miaka mitano usimpe shikamoo. Dada wa miaka thelathini na mbili hatakusamehe.

Nimehamishwa kutoka Dar. Kwenye semina nakutana na watu, tunasalimiana, tunasahauliana. Hivi huku kujuana kwa juujuu kuna faida? (Mtumishi, Mtumba)

Kuna, tena kubwa. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie hapa, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliopata kazi kwa kupashwa habari na mtu wanayemfahamu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Wengine wote walionana naye mara mojamoja, au kwa nadra sana. Ukifikiria si ajabu: rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Jipya analo yule wa kwenye foleni ya chai.

Tena una bahati. Tangu serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016, nusu ya unaokutana nao walikuja na begi kama wewe. "Umefikia mtaa gani? Maji yanatoka?" Hapo humkosi mtu. Na ukikutana na mwenyeji, jaribu salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", hata ukiitamka vibaya. Baada ya hapo, ujumbe mmoja kila baada ya miezi michache unatosha. Picha za maua zilizoandikwa "asubuhi njema" hazihesabiki.

Kila Nanenane napeleka juisi yangu ya zabibu Nzuguni. Watu wanaonja, wanasifu, wanachukua namba, halafu kimya. (Mama Zabibu, Mpunguzi)

Shikamoo mama. Namba chukua wewe. Weka daftari mezani, andika jina, namba na neno alilosema. Kesho yake asubuhi mtumie: "Habari dada, ni mama wa juisi ya zabibu, Nzuguni. Uliniuliza kama natoa chupa za nusu lita kwa ajili ya harusi. Ninazo. Harusi ni lini?" Ujumbe unaoishia na swali hujibiwa. Unaoishia na "karibu sana" husomwa ukaachwa hapo.

Nikimpa mtu namba kwa ajili ya kazi, usiku ananiandikia "umelala?" (Dada, Kisasa)

Kuwa na laini ya kazi, na ikifika saa kumi na mbili jioni izime. Asiye na uhakika naye mpe barua pepe tu: "Nitumie huko kaka, ndiko ninakojibu haraka." Na huyo wa "umelala?" akileta jambo la kazi mjibu saa tatu asubuhi, la kazi tu. Asipolileta, usimjibu kabisa. Aibu ni yake.

Nikiondoka kabla ya chakula cha mchana nitaonekana sina adabu? (Hakutaja mtaa)

Muage aliyekualika, nenda zako. Ila kama umeshasaini posho, rudi ukae.