Kwa nini madini peke yake hayatoshi kuziba mfupa

Dada wa Mikindani, umeuliza kwa nini watafiti hawajazi pengo la mfupa kwa madini tu, mpaka wayachanganye na kolajeni, protini yenye nyuzi. Tazama ukuta wa nyumba ya udongo hapo kwenu: udongo bila fito unapasuka, fito bila udongo zinayumba. Mfupa ni hivyo hivyo. Haidroksiapataiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfati, takribani theluthi mbili ya uzito wake, inaupa ugumu. Kolajeni inauzuia usivunjike kama kigae. Loweka mfupa wa kuku kwenye siki siku kadhaa, utaukunja kama mpira, maana madini yametoka.

Kiunzi cha kupandikiza, yaani kile kinachowekwa kwenye pengo la mfupa, kinaiga mchanganyiko huo, ila shughuli hasa iko kwenye vitundu. Vya mikromita 300 hivi (milimita 0.3) vinapitisha seli na mishipa ya damu. Ukivizidisha ukubwa, kiunzi kinalegea. Tena kiyeyuke taratibu, mfupa mpya ukishika nafasi yake.

Na kama unajiuliza juu ya matumbawe kama yale ya kuta za kale za Mikindani, ndiyo, matumbawe yanaweza kutumika: mwaka 1974 watafiti Roy na Linnehan waliyageuza kuwa haidroksiapataiti kwa joto na shinikizo. Lakini tafadhali, mtu asisage jiwe la pwani akapaka kwenye kidonda.