Kitabu Kwenye Simu: Nawajibu Wasomaji wa Nyanda za Juu

Mjukuu wangu amenirushia riwaya kwenye simu. Herufi ni ndogo kama punje za ulezi. Nikizikuza, mstari unatoka nje ya kioo, nausukuma huku na huku mpaka nasahau nilikuwa nasoma nini. (Mzee, Mafinga)

Shikamoo, mzee wangu. Kosa si la macho yako. Umetumiwa PDF, ambayo ni ukurasa uliopangwa kwa ajili ya karatasi, na haubadiliki hata ukibanwa kwenye kioo cha kiganja. Mwombe mjukuu akutafutie faili ya EPUB na programu ya kuisomea. Humo maneno hayajafungwa mahali pamoja: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya kufuata upana wa simu yako. Bando nalo linapona, maana riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki megabaiti moja, wakati kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kinaweza kufika makumi. Inaniuma sana kwamba vitabu vingi vya Kiswahili vinatufikia kwa picha hizo, kivuli cha kidole gumba kikiwa juu ya maneno. EPUB isipopatikana, ilaze simu kwa ubavu. Angalau herufi zitapanuka.

Nilinunua kitabu mtandaoni, akaunti ikafungwa, kitabu kikapotea. Inawezekanaje? (Soweto, Mbeya)

Maduka mengi ya mtandaoni hayakuuzii kitabu, yanakuuzia ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, ilifuta nakala za riwaya za George Orwell zilizokuwa tayari kwenye Kindle za wanunuzi, yaani vifaa vyake vya kusomea vitabu, baadaye ikaomba radhi. Kabla ya kulipa, uliza kama utapewa faili ubaki nayo.

Shuleni kwetu tuna nakala tano za tamthiliya kwa wanafunzi 60. Nimepata PDF, nimeituma kwenye kundi la wazazi. Nimeiba? (Mwalimu, Makete)

Mwalimu, najua uliwaonea watoto huruma, nami nisingependa wakose kusoma. Lakini swali umeliuliza wazi, nami nalijibu wazi: kama mwenye haki hakukuruhusu, hukupaswa kukisambaza kitabu kizima. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kunukuu sehemu kwa ajili ya kufundishia ni jambo jingine, na hilo lina nafasi yake.

Vitabu vya kiada usihangaike navyo: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vinasomwa bure. Kwa tamthiliya, mwandikie mchapishaji, mweleze hali ya shule, uombe bei ya nakala laini kwa darasa zima. Kwake nakala ya 60 haina karatasi wala nauli ya lori hadi Makete, kwa hiyo ana nafasi ya kushusha bei. Wazazi wakichanga kidogo kidogo, mwandishi anapata kitu na watoto wanasoma.

Shikamoo. Nimeandika riwaya, mchapishaji anataka nichangie gharama. Wenzangu wanauza simulizi kwa vipande WhatsApp. Nifuate njia ipi? (Kijana, Tukuyu)

Marahaba, mwanangu. Anza na vipande. Amazon ilifungua mlango wa kujichapishia mwaka 2007, lakini msomaji wako wa Kyela huenda hana kadi ya kulipia huko, ana M-Pesa. Tena kipande cha kesho hakiwezi kuibwa leo, kwa kuwa bado unacho wewe. Kitabu kizima anakilipia mmoja, usiku huohuo wanacho mia mbili.

Ila vipande vina tabia ya kumharibu mwandishi. Kila sehemu inataka imwache msomaji roho juu, basi hadithi inavutwa, mhusika anatekwa mara tatu bila sababu. Ukimaliza, ikusanye yote, ukate mivuto hiyo, halafu pesa ya kwanza uliyopata umlipe mhariri. Usimruke. Simu imeondoa gharama ya karatasi, haijaondoa kazi ya jicho la pili.

Baada ya hapo tengeneza EPUB na uombe ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukiweza, chapa nakala chache za karatasi, moja uipeleke maktaba ya mkoa pale Mbeya, wasio na simu kubwa nao wakusome. Nami nitumie sehemu ya kwanza. Ya pili nitailipia.